Hesabu Miaka ya Shahada Yako Kwanza: Tuliyojifunza Moshi Tukijiandaa na Mtihani wa Ufamasia wa Marekani

Tulikuwa wafamasia wanne mjini Moshi tulipokubaliana kusomea FPGEE, mtihani ambao Marekani humpima nao mfamasia aliyesomea nje ya nchi hiyo kabla hajaruhusiwa kuanza safari ya leseni. Watatu walikuwa na shahada ya Tanzania, mmoja alisomea Nairobi. Tuligawana masomo, tukachanga fedha za vitabu, tukapewa chumba cha nyuma cha famasi moja ya Majengo, Jumatatu na Alhamisi baada ya kufunga dirisha. Wiki sita tulikwenda hivyo, na tulikwenda vizuri. Wiki ya saba ndipo mmoja wetu alipoyasoma masharti ya NABP, chama cha mabaraza ya famasi ya Marekani kinachosimamia mtihani huo, akakuta mstari uliopaswa kusomwa siku ya kwanza: aliyehitimu tangu Januari 1, 2003 lazima awe amesoma programu ya famasi ya miaka isiyopungua mitano. Waliohitimu kabla ya tarehe hiyo wanakubaliwa kwa miaka minne.

Shahada ya ufamasia ya Tanzania ni miaka minne. Mwaka wa mafunzo kwa vitendo, ule tunaouita intanshipu, huja baada ya kuhitimu, na sharti linataka miaka mitano ndani ya programu yenyewe. Ya Chuo Kikuu cha Nairobi ni mitano. Katika sisi wanne, basi, mlango ulikuwa wazi kwa mmoja. Dada aliyekuwa ameshaandika barua ya kuomba likizo bila malipo alifunga kitabu taratibu, akauliza, "Kwa hiyo mimi nasoma nini hapa?" Hatukuwa na la kumjibu.

Nayaandika haya kwa sababu bado nakutana na wafamasia wa Arusha na Moshi wanaoanza pale tulipoanzia sisi, yaani kwenye kitabu. Pa kuanzia ni kwenye cheti. Chukua nakala ya matokeo yako, hesabu miaka ya masomo iliyoandikwa humo, kisha soma masharti ya nchi unayoitaka kwenye tovuti ya chombo chenyewe kinachotoa leseni. Usimsikilize wakala wala rafiki aliyekwenda zamani, maana huenda yeye alihitimu kabla ya 2003 na anakueleza ukweli wake kabisa.

Wenye miaka minne wasikate tamaa, ila wajue kila nchi ina njia yake. Uingereza humtaka mfamasia wa kutoka kwetu asome kwanza OSPAP, kozi ya mwaka mmoja katika chuo kikuu cha huko, kisha afanye wiki 52 za mafunzo kazini, ndipo aingie kwenye mtihani wa usajili wa GPhC, chombo kinachosajili wafamasia wa huko: karatasi ya kwanza maswali 40 ya hesabu kwa saa mbili, ya pili maswali 120 kwa saa mbili na nusu. Kanada unaanza kwa kujiandikisha kwenye lango lao la wafamasia wa nje, PEBC, bodi yao ya mitihani ya ufamasia, inapitia nyaraka zako, unafanya mtihani wa tathmini, na baadaye mtihani wa kufuzu wenye sehemu mbili, ya maswali ya kuchagua na ya vituo ambako unakutana na mtu anayeigiza mgonjwa. Australia wana mtihani wao, OPRA, uliochukua nafasi ya KAPS mwaka 2025. Wawili wetu waligeukia Kanada. Dada yule aliamua kubaki Moshi, na likizo yake akaifuta. Vitabu havikupotea, kwa kuwa tiba na hesabu ni zilezile, lakini wiki sita na ada ya kozi moja ya mtandaoni iliyolengwa Marekani hazikurudi.

Yanayofuata ni ya njia ya Marekani, ambayo mwenzetu aliyesomea Nairobi aliendelea nayo tukisoma pamoja naye, na ambayo ilitufundisha mengi zaidi.

Nyaraka ndizo zilizokula muda kuliko masomo. NABP haitathmini elimu yako yenyewe. Inataka ripoti ya ECE, taasisi iliyoko Milwaukee, ambayo hulinganisha masomo yako na ya Marekani. ECE wana ripoti za aina kadhaa zenye bei tofauti, na NABP imetaja aina inayoikubali. Ukinunua ya bei nafuu ambayo haikutajwa, utalipa tena. Nakala ya matokeo inatakiwa itoke chuoni kwenda kwao moja kwa moja, isipitie mikononi mwako. Bahasha ikiwa imefungwa na mhuri umepita juu ya mkunjo, ni nyaraka. Ukiifungua ili uhakikishe tu kwamba kila kitu kimo, imekuwa karatasi. Sisi tulifanya hivyo mara moja, kwa nia njema kabisa, tukalazimika kupanda tena gari la Nairobi kupitia Namanga na kuanza upya foleni ya kuomba nakala nyingine.

Usiombe nakala kwa barua pepe ukakaa kusubiri. Ofisi za matokeo zina mafaili mengi na wahudumu wachache. Nenda mwenyewe, au mtume mtu mwenye barua yako ya idhini na nakala ya kitambulisho chako, aende na anwani ya ECE na namba ya faili lako vikiwa vimeshachapwa kwenye karatasi ya kubandika juu ya bahasha. Namba ya faili isipoonekana, bahasha hufika na kukaa bila mwenyewe. Lipia usafirishaji unaofuatilika, na risiti yake ipige picha siku hiyo hiyo, kwa sababu wino wa risiti zile hufifia.

Pili ni uthibitisho wa usajili. Lazima uwe mfamasia mwenye ruhusa kamili ya kufanya kazi katika nchi fulani, na barua ya kuthibitisha hilo itoke kwenye baraza husika. Kwa anayefanya kazi Moshi ni Baraza la Famasi la Tanzania. Kama hujalipia kuhuisha usajili wako, lipia kwanza, ndipo uombe barua.

Tatu ni majina, na hapa watu wa kwetu wanaumia sana. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha sekondari matatu, shahada ina jina la ubatizo likiwa limefupishwa kwa herufi, na pasipoti imeanza na jina la ukoo. Kwetu haya yote ni mtu mmoja. Kwa karani wa NABP kule Illinois ni watu wanne. Amua mapema ni jina lipi litakalotumika, nalo liwe la pasipoti, kwa kuwa ndiyo utakayoonyesha mlangoni siku ya mtihani. Palipo na tofauti, nenda kwa wakili ukaape hati ya kiapo inayotaja kila umbo la jina lako na kila cheti lilipoandikwa. Fanya hivyo kabla hujafungua akaunti yoyote, kwani kusahihisha jina lililokwisha kuingia kwenye mfumo ni barua juu ya barua.

Kuhusu fedha, jiandae na malipo saba yasiyofanana: ripoti ya ECE, nakala za matokeo na usafirishaji wake, ombi la NABP, ada ya mtihani, TOEFL ambao ni mtihani wa Kiingereza, viza, na nauli pamoja na malazi. Karibu yote yanahesabiwa kwa dola, na shilingi ikitetereka katikati ya safari, bajeti yako inatetereka nayo. Weka akiba kwa dola kama benki yako inaruhusu. Na iulize benki kikomo cha malipo ya mtandaoni cha kadi yako, maana yetu ilikataliwa mara tatu usiku wa siku ya mwisho ya kulipia, na fedha zilikuwemo. Usilipe hatua inayofuata kabla ile ya nyuma haijajibiwa. Ada ya TOEFL uliyolipa mapema haikusaidii kama ECE bado wanatafuta bahasha yako, kwa sababu alama za TOEFL huhesabika kwa miaka miwili tu.

Sasa masomo. Mtihani una maswali 200 ya kuchagua kwa saa nne na nusu, sawa na sekunde 81 kwa swali. Umegawanywa katika maeneo manne: sayansi za msingi za mwili asilimia 10, sayansi za dawa asilimia 33, masuala ya jamii, utawala na sheria asilimia 22, na tiba asilimia 35. Tulipoteza miezi miwili ya mwanzo kwenye kemia ya dawa na biokemia kwa sababu ndizo tulizozikumbuka kutoka chuoni na zilitupa raha ya kujiona tunajua. Ile asilimia 22 hatukuigusa hadi mwezi wa tano. Ingekuwa leo, ningeanza nayo, kwa kuwa ndilo eneo ambalo mfamasia wa Tanzania halijui kabisa na hawezi kulibahatisha.

Ndani yake kuna bima zao. Medicare ni ya wazee wa miaka 65 na zaidi na baadhi ya wenye ulemavu: sehemu A ni kulazwa, B ni huduma za nje, C ni mipango ya kampuni binafsi, D ni dawa, nayo ilianza 2006. Medicaid ni ya wenye kipato kidogo, inagharamiwa na serikali kuu pamoja na majimbo. Aliyezoea kupokea kadi ya bima dirishani, akahakiki na kutoa dawa, anapaswa ajifunze jinsi mgonjwa anavyotangulia kulipa kiasi fulani mwenyewe kabla bima haijaanza, kisha anavyochangia kwa kila dawa kulingana na daraja la dawa hiyo kwenye orodha ya bima. Kuna makundi ya dawa zinazodhibitiwa: za kundi la pili, kama mofini, cheti cha daktari hakirudiwi, za kundi la tatu na la nne hurudiwa mara zisizozidi tano ndani ya miezi sita. Tramadoli iko kundi la nne tangu 2014. Kuna madaraja matatu ya kuondoa dawa sokoni, la kwanza likiwa la hatari kubwa. Na kuna uchumi wa dawa, ambao unahitaji utofautishe uchambuzi unaopima matokeo kwa shilingi na ule unaoyapima kwa miaka ya maisha yenye ubora.

Majina ya dawa yalitutesa kwa namna ambayo hatukuitegemea. Parasetamoli huko ni acetaminophen, salbutamoli ni albuterol, adrenalini ni epinephrine, glibenklamidi ni glyburide, pethidini ni meperidine, rifampisini ni rifampin, saksamethoni ni succinylcholine. Ukiyasoma hivi unaona ni kitu kidogo. Kwenye swali la sekunde 81 lenye dawa tano za mgonjwa mmoja, kusimama kutafsiri mbili kunakula theluthi ya muda. Tulichofanya ni kubandika vikaratasi kwenye rafu za famasi, chini ya kila boksi jina la Kimarekani, ili mkono ukienda kuchukua dawa jicho lisome jina jipya. Baada ya wiki tatu hatukuvihitaji tena.

Vipimo ni hatari zaidi, kwa sababu ukikosea jina unajua umekwama, lakini ukikosea kipimo unapata jibu zuri lisilo sahihi, na mtunga swali ameshaliweka miongoni mwa machaguo. Maabara zetu nyingi huandika sukari kwa milimoli kwa lita. Wao huandika miligramu kwa desilita, na unazidisha kwa 18: sukari ya 7 yetu ni 126 yao. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, yetu iko kwa mikromoli. Gawanya kwa 88.4 upate yao. Uzito wao ni pauni, kilo moja ni pauni 2.2. Kijiko cha chai ni mililita 5, aunsi ya kimiminika ni takriban mililita 30.

Hili hapa ni swali la mazoezi tulilotunga wenyewe na kulikosa watatu kati yetu. Mwanamume wa miaka 60, uzito 154, kreatinini 1.4. Figo zake zinachuja kiasi gani? Kanuni ya Cockcroft na Gault ni 140 toa umri, zidisha kwa uzito, gawanya kwa 72 mara kreatinini. Kwa mwanamke zidisha jibu kwa 0.85. Mkono uliozoea kilo uliweka 154 moja kwa moja: 80 mara 154 ni 12,320, gawanya kwa 100.8, jibu 122. Figo nzima kabisa, mpe dozi kamili. Lakini 154 ni pauni, yaani kilo 70. 80 mara 70 ni 5,600, gawanya kwa 100.8, jibu ni 55.6. Huyu kuna dawa ambazo dozi yake lazima ipunguzwe. Kuanzia siku ile tulikubaliana kwamba kabla ya kugusa kikokotoo unazungushia kila kipimo kwenye swali na kukiandika upya kwa kilo, miligramu na mililita. Inachukua sekunde kumi.

Hesabu nyingine zinazorudi ni kuchanganya nguvu mbili za kimiminika, miliekwivalenti, usawa wa chumvi katika matone ya macho, kasi ya dripu na famakokinetiki, yaani mwendo wa dawa mwilini. Ya kuchanganya ifanye kwa msalaba: una spiriti ya asilimia 70 na ya asilimia 20, unataka mililita 500 za asilimia 40. Tofauti ya 40 na 20 ni 20, hizo ni sehemu za ile ya 70. Tofauti ya 70 na 40 ni 30, hizo ni sehemu za ile ya 20. Sehemu 50 kwa mililita 500, kwa hiyo mililita 200 na mililita 300. Kwa miliekwivalenti, kipimo cha chumvi kwa chaji zake: miliekwivalenti moja ya kloridi ya potasiamu ni miligramu 74.5, hivyo 20 ni gramu 1.49. Takwimu nazo zimo. Ugonjwa ukishuka kutoka asilimia 8 hadi 6, kampuni itakuambia umepungua kwa robo. Wewe toa 6 kwenye 8 upate 2, gawanya 100 kwa 2, na ujue utawatibu watu 50 ili umwokoe mmoja.

Kwenye tiba, uzoefu wa hospitali ya Mawenzi au KCMC unasaidia kuliko watu wanavyodhani: kifua kikuu, VVU, kisukari, shinikizo la damu. Hata dawa mseto ya malaria wanayo, dozi sita kwa siku tatu kama yetu. Mapengo yetu yalikuwa kwenye dawa mpya za kuzuia damu kuganda, dawa za kibaiolojia, chanjo za watu wazima na afya ya akili. Haya yasome kwa kisa, mgonjwa mzima na dawa zake zote, badala ya kukariri dawa mojamoja.

TOEFL ilimwangusha mwenzetu mara ya kwanza, na haikuwa kwa sababu ya Kiingereza chake. NABP wakati huo walitaka kusoma 22, kusikiliza 21, kuandika 24 na kuzungumza 26, kila sehemu ikiwa na alama 30. Hiyo 26 ndiyo kizuizi. Tumesoma kwa Kiingereza miaka yote, ila dirishani tunazungumza Kiswahili kutwa nzima, na ukikalishwa mbele ya maikrofoni uanze kusema kwa sekunde 45 huku watu kumi pembeni wakisema yao, ulimi unakuwa mzito. Alipata 23. Alirudi kimya na kwa siku kadhaa hakumwambia mtu nyumbani. Kilichomsaidia ni simu: kila usiku alijirekodi mara tano, sekunde 15 za kufikiri na 45 za kusema, akimweleza mgonjwa wa kufikirika jinsi ya kutumia dawa ya kuvuta ya pumu, bila kuandika kwanza. Kisha anasikiliza na kuhesabu alipokwama. Baada ya miezi miwili alirudi akapata 27.

Mtihani wenyewe hufanyikia kwenye vituo vya Pearson VUE ndani ya Marekani, kwa hiyo kuna viza. Usahili ni ubalozini Dar es Salaam. Ada ya viza ya matembezi ilipanda kutoka dola 160 hadi 185 Juni 2023 na hairudishwi ukikataliwa. Beba barua ya NABP ya kuruhusiwa kufanya mtihani, barua ya mwajiri inayotaja tarehe ya kurudi kazini, na uwe na jibu fupi la kweli kuhusu nani anagharamia. Fika mji wa mtihani angalau siku nne kabla. Moshi iko mbele ya New York kwa saa saba au nane kulingana na msimu, na mwili ambao haujazoea utasinzia mchana kwenye swali la mia na ishirini. Kituoni wanachukua picha, simu na saa ya mkononi vinabaki kwenye kabati, kikokotoo kinakuwa kwenye skrini. Fanyia mazoezi cha kompyuta mwezi mzima kabla, maana vidole vilivyozoea cha mkononi hukosea.

Ukifaulu, cheti cha FPGEC kinakuruhusu kuomba kwa jimbo, na hapo ndipo leseni inapoanza kutafutwa. Majimbo hutaka saa za mafunzo chini ya mfamasia wao, mengi 1,500 au karibu na hapo, kisha NAPLEX, mtihani wa leseni wa maswali 225 kwa saa sita, na mtihani wa sheria. Cheti hicho hakikupi kibali cha kufanya kazi. Kibali ni suala la uhamiaji na la mwajiri, na lina foleni yake. Mwambie mwenza wako hili kabla hamjauza shamba.

Na usajili wako wa hapa usiuachie. Endelea kulipia kila mwaka, endelea na mafunzo ya kujiendeleza, hata kama mguu mmoja uko kwenye ndege. Jimbo linaweza kukutaka upeleke barua nyingine ya kuthibitisha hadhi yako nyumbani, miaka miwili au mitatu baada ya ile ya kwanza, na Baraza haliwezi kumthibitisha mtu ambaye jina lake limekwisha kuondoka kwenye daftari.